Kabla ya Tetemeko au Baada

Managua nzima hakuna anwani inayonishinda. Nalisema hili mapema ili ujue unasimuliwa na nani. Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba kanisani na wapo waliojaliwa miguu ya mpira. Mimi, Yader Potosme, nimejaliwa kujua mahali vitu vilipokuwa. Niambie pale palipokuwa na duka la dawa la Ñurinda, kona tatu kwa ziwa, nusu kona juu, nyumba yenye mbwa mkali, nami nitakutajia na jina la mbwa. Kwa hiyo nilipomaliza sekondari nikapata kazi kwenye kituo cha simu za dharura, niliona kama samaki kaajiriwa kuogelea na bado analipwa.

Kituo chetu ni ukumbi mmoja wenye baridi ya mashine inayotufanya tuvae masweta huku nje lami inayeyuka. Zamani kila watu walikuwa na namba yao: polisi yao, zimamoto yao, magari ya wagonjwa yao. Nyumba ikikuwakia, mwizi akapitia humo humo, na mama mkwe akazimia kwa kuwaona wote wawili, ilibidi upige simu tatu na uanze hadithi upya mara tatu. Siku hizi namba ni moja. Mbele tumekaa wapokeaji kumi na wawili, na kazi yetu ni masikio na vidole tu: kuuliza na kuandika. Nyuma yetu ziko meza tatu za wale wanaotuma watu, ya polisi, ya zimamoto na ya magari ya wagonjwa. Ninachoandika mimi kinatokea kwenye skrini zao herufi kwa herufi, hata gari linaweza kuwa barabarani kabla mpigaji hajamaliza kujieleza. Mimi mwenyewe simtumi mtu popote, hata nikipenda. Katika mji mdogo alikozaliwa mama yangu mambo bado ni ya kizamani: anayepokea simu ndiye dereva, na ikilia anamwachia mkewe mezani, mkewe anamwachia jirani sufuria, na mtaa mzima unakuwa kazini.

Kompyuta zetu zililetwa na mainjinia wa mbali, watu wa adabu sana. Wakaweka kisanduku cha jina la barabara na kisanduku cha namba ya nyumba. Tangu kituo kifunguliwe, visanduku hivyo viwili vimebaki safi kama shuka za hoteli. Sisi tunaandika kila kitu kwenye kile cha chini, cha maelezo mengineyo, kwa sababu kwetu mtu hakai kwenye namba. Anakaa kona mbili kwa ziwa, yaani kuelekea ziwani, kutoka mahali fulani, kona moja juu linakotoka jua au chini linakozama, na mara nyingi huko mahali fulani kwenyewe hakuna kitu tena.

Meza ya magari ya wagonjwa ni ya doña Chilo. Jina lake la ubatizo ni Auxiliadora Mairena, lakini ukimwita hivyo anadhani umemletea barua ya kuachishwa kazi. Alikuwa kwenye redio ya upepo kabla sijazaliwa, enzi zile za chumba kimoja na simu moja, alipokuwa akipokea, akituma, na katikati ya simu mbili akiwachemshia madereva kahawa. Sisi wapokeaji anatuita makarani. Mimi peke yangu kanipa cheo: ananiita Profesa, na si kwa heshima.

Ni doña Chilo aliyetuwekea sheria. Mpigaji akitamka tu "pale palipokuwa na", basi kabla hujavuta pumzi umuulize: kabla ya tetemeko au baada? Maana tetemeko la mwaka sabini na mbili liliuangusha mji wa kati kwa usiku mmoja, na wenye mali waliopona walihama na majina ya maduka yao wakayafungue kwingine. Baadaye na maduka hayo mapya yakafa kwa sababu zake, lakini mji haukusahau mahali pa kwanza wala pa pili. Mpokeaji akishauliza, doña Chilo anataka jibu kwa ishara: kiganja chini ni kabla, kidole gumba juu ni baada. Mimi sheria hiyo niliiona ni ya wale wasiojua mji. Nilikuwa naifuata tu siku ambazo msimamizi yuko karibu.

Basi, Alhamisi moja ya Machi, saa tano asubuhi, nilikuwa nimetoka kumtuliza mama mmoja anayetupigia kila siku kuuliza kama mvua itanyesha. Hatumkaripii. Anaishi peke yake, na akishajua habari za mvua anatubariki wote kwa majina. Taa yangu ikawaka tena. Nikasema maneno yetu, dharura, uko wapi.

"Habari za asubuhi, mwanangu," ikasema sauti ya mzee. "Umeamkaje?"

Nikasema salama. Akauliza na nyumbani. Nikasema nyumbani nao salama, sasa don, shida ni nini.

"Mke wa mwanangu anajifungua hapa sakafuni, na mimi ni fundi viatu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza kwamba duka limefungwa leo. Jina lake don Santos Urbina. Mwanawe alikuwa kazini Rivas, mbali huko, na mwanamke, Yahoska, alikuwa na wiki tatu bado za kungoja, ila mtoto hakuambiwa. Nikauliza tena mahali. Kutoka palipokuwa na kiwanda cha barafu cha Zeledón, akasema, kona mbili kwa ziwa, nusu kona juu, lango la kijani.

Moyo wangu ulitabasamu. Kiwanda cha Zeledón ni mimi nikufundishe wewe! Bibi yangu alikuwa akinunua barafu pale kila asubuhi kwa ajili ya kibanda chake cha maji ya matunda, nami nikining'inia kwenye sketi yake. Nilijua harufu yake, nilijua mlinzi wake mwenye jino moja, nilijua na siku walipobomoa bomba la mwisho. Nikaandika mbio. Nyuma yangu nikasikia kiti cha doña Chilo kikigeuka. Aliinua nyusi zake na mkono, yaani Profesa, kabla au baada?

Sikuwa nimeuliza. Nikamwonyesha kidole gumba.

Hapo ndipo palipoharibika, na sina wa kumsingizia. Kidole kile kilimwambia mtu aliyeniamini kwamba nimeuliza na nimejibiwa. Doña Chilo akamwita kwenye redio Chele Rugama, dereva wake bora kuliko wote, akamtuma mashariki ya mji, upande wa barabara ya uwanja wa ndege.

Mimi nikachukua kadi. Kila mpokeaji ana rundo la kadi za rangi: ya njano ya aliyepaliwa, nyekundu ya anayetoka damu, ya pinki ya uzazi. Ya pinki sikuwahi kuitumia nje ya mafunzo. Nikamwambia don Santos aweke simu kwenye spika, anawe mikono, alete mataulo safi. Akaniuliza mataulo mangapi. Kadi haikusema. Nikasema yote. Nikamsikia akifungua kabati, na kwa nyuma Yahoska akimwambia asichukue lile la harusi.

Maumivu yalikuwa yakija kila dakika mbili, kisha kila dakika moja. Mimi nikiendelea kumpa moyo mzee wa watu. Gari linaingia mtaani kwenu sasa hivi, don, tega sikio utasikia king'ora. Akatega. Akasema anasikia mtu anayenunua vyuma chakavu, na kuku. Nikamwambia atege zaidi.

Dakika ya nane Chele akazungumza kwenye redio, na kwa kuwa doña Chilo alikuwa ameivuta sauti juu, ukumbi wote ukasikia. Alisema yuko kona mbili kwa ziwa na nusu kona juu, kama alivyoambiwa, na lango la kijani halipo. Kuna fundi wa matairi, kuna mbwa, na kuna mama mmoja anayesema mtu wa mwisho kuzaa mtaa huo ni yeye mwenyewe, mwaka juzi.

Masikio yangu yakapata moto. Ingawa mashine ya baridi ilikuwa juu ya kichwa changu, jasho lilinitoka hadi likaingia kwenye hedifoni. Ilibidi niulize, na nikauliza kwa sauti ya chini ili meza ya nyuma isinisikie.

"Don Santos, kile kiwanda cha barafu. Ni kile cha kabla ya tetemeko au cha baada?"



"Mwanangu," akasema, "kwani na baada kulikuwa na kiwanda?"

Hakujua. Kwake Zeledón ilikuwa moja, ile iliyoanguka usiku ule wa Desemba akiwa kijana. Hakuwa amehama mtaa wake, na sehemu ile ya mji alikonunua barafu bibi yangu alikuwa hajafika zaidi ya mara mbili. Alikuwa ameeleza sawasawa tangu neno la kwanza. Alikuwa katikati ya mji wa zamani, magharibi, na gari nililompelekea lilikuwa upande wa pili kabisa, na foleni ya saa tano kati yao.

Nikageuka. Doña Chilo alikuwa ananitazama, na sidhani nilihitaji kusema, lakini nilisema. Nikamwambia sikuuliza. Nikamwambia ni kabla.

Hakunitukana. Mpaka leo ningependa angenitukana. Alisimama, na yule mama ana magoti mabovu, akaacha mitambo yote ile ya mainjinia, akatembea hatua sita hadi meza ya zimamoto. Gari lake la karibu lilikuwa limebeba mgonjwa mwingine, lakini kituo cha zimamoto kilikuwa kona nne tu kutoka lango la kijani. Norvin, kijana wa meza ile, akaanza kumwelewesha kwamba hapo hakuna moto, na fomu ya moto inataka moto.

"Una mtu yeyote pale kituoni mwenye mikono?" doña Chilo akamuuliza. "Mtume aende nayo."

Norvin akabonyeza. Zamani, simu zilipokuwa tatu katika majengo matatu, doña Chilo angepiga, namba ingekuwa bize, angepiga tena. Sasa ilikuwa hatua sita. Nasema hivi kwa sababu watu hutucheka kwa ukumbi wetu na masweta yetu.

Huko kwenye laini mambo yalikuwa yamekimbia. Don Santos akaniambia anaona nywele. Akasema nyeusi, nyingi, kama za marehemu mama yake. Nikaitazama kadi ya pinki na maandishi yalikuwa yanacheza. Ikumbukwe kwamba laini za mtaa ule ni mbovu, kila mtu anajua, na hapo ikakatika kidogo, sekunde thelathini hivi. Iliporudi, aliyekuwa anazungumza si mzee tena. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, imebanwa.

"Kijana," Yahoska akasema, "pumua. Ukishapumua, nisomee hiyo kadi."

Nikapumua. Nikamsomea. Mkono ukatua begani kwangu, mzito, wenye harufu ya kahawa, na doña Chilo akachomeka hedifoni ya pili asikilize pamoja nami. Hakuninyang'anya. Niliposoma haraka alinibonyeza bega, niliposoma sawa aliliacha. Usivute, don Santos. Weka tu mkono chini ya kichwa, kama unapokea kitu unachoogopa kukivunja. Yahoska, sukuma yakija, pumzika yakiondoka. Don Santos akasema kichwa kimetoka, akasema bega, halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Ametoka mwili mzima. Ni msichana."

Halafu hakukuwa na kitu. Nilisikia kuku, nilisikia yule wa vyuma chakavu akipita na kipaza sauti chake akinunua majokofu, mabetri, magodoro. Mtoto sikumsikia.

"Halii," akasema don Santos. "Mwanangu, halii."

Mfuteni, nikasema. Mfuteni kwa taulo, mgongoni, kwa nguvu kidogo, msiogope, na nyayo, mfuteni na nyayo. Sikuwa natazama kadi tena. Yahoska akauliza nguvu kiasi gani, na doña Chilo akainamia kipaza sauti changu na kusema, "Kama unang'arisha kiatu cha Jumapili, don Santos."

Hilo alilielewa. Tukasikia taulo likifanya kazi, shwa, shwa, shwa. Nilizihesabu. Ya kumi na moja ikatoka na kikohozi, kisha kilio chembamba, chenye hasira, cha mtu aliyeamshwa mapema. Nyuma yetu ukumbi mzima, polisi na wote, walikuwa wamesimama, na hakuna aliyepiga makofi kwa sababu taa zilikuwa zinawaka na simu nyingine zinangoja.

Don Santos akataka kukata kitovu kwa kisu chake cha ngozi, akasema ni kikali na ni safi. Nikamwambia asiguse, amlaze mtoto kifuani kwa mama yake, awafunike wote wawili, angoje. Akaniuliza kama uzi wake wa nta nao hautahitajika. Nikasema nao angoje. Kisha nikasikia viatu vizito vikiingia ndani, vingi, na mzee akiwapokea zimamoto mmoja mmoja, habari za asubuhi, mmeamkaje, na nyumbani.

Alasiri ile nikajaza ripoti. Kwenye sehemu ya sababu ya kuchelewa niliandika: mpigaji hakueleweka. Doña Chilo akaisoma juu ya bega langu, akaichukua, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kikombe changu cha kahawa.

"Mzee wa watu alieleweka tangu neno la kwanza," akasema. "Andika nyingine, Profesa."

Nikaandika nyingine. Niliandika kidole gumba na kila kitu. Msimamizi alinipa wiki mbili za kukaa bila hedifoni, kazi yangu ikawa kuzunguka mji na Chele Rugama nikiandika kwenye daftari mahali pote ambapo kitu kilikuwapo, na jina la mzee aliyenihakikishia. Nilijaza madaftari matatu. Kumbe barabara moja tu ya magharibi ina makanisa manne yasiyokuwapo. Chele alinicheka njia nzima, kila tulipopita kibanda cha barafu alisimamisha gari aniulize kama ni cha kabla.

Mwezi wa Mei tukaletewa wapokeaji wapya watatu, vijana wa juzi tu wamemaliza sekondari, na msimamizi akaniambia niwafundishe. Nadhani ilikuwa sehemu ya adhabu, ila mimi niliichukua kama heshima. Jumamosi asubuhi nikawaketisha, nikawaeleza habari za visanduku vitupu, za meza tatu, za kadi. Habari za kidole gumba niliwaeleza kama ilivyokuwa, sikuficha, na nilifurahi kuona wamenistahi kwa hilo. Unajua, ukishakiri kosa moja kubwa, watu wanakuamini kwa mengine yote.

"Lakini siri ya kazi hii," nikawaambia, "ni sauti. Mpigaji hana utulivu, anauazima kwako. Siku ile laini ilikatika sekunde thelathini nzima, mtoto anatoka, mtu mwingine angevurugika. Mimi nilikaa hivi." Nikawaonyesha nilivyokaa, mgongo umenyooka, mikono mezani.

"Laini haikukatika," ikasema sauti nyuma yangu.

Nilijua ni nani kabla sijageuka. Niliisikia mara moja tu maishani, lakini sauti hiyo huwezi kuisahau. Yahoska alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba kuliko nilivyomfikiria, mtoto amemlaza begani, na mkononi mfuko wa nacatamal za mahindi na nyama, za moto, zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Don Santos alikuwa bado getini na mlinzi, wakiulizana habari za nyumbani. Doña Chilo, kwenye meza yake, alikuwa ghafla na kazi nyingi sana.

Nikamkaribisha, nikamwambia amependeza, nikamwuliza habari za mtoto. Akanijibu yote hayo kwa upole, moja baada ya jingine. Kisha akawageukia wale wapya.

"Mimi nilikuwa sakafuni," akasema, "na simu ameiweka mzee hapa, karibu na sikio langu kama mto. Laini ilikuwa nzuri. Huyu alikuwa analia. Analia kabisa, anamwita mama yake. Mimi nikang'ata taulo nisipige kelele nikamzidishia. Don Santos akaniuliza kama iko namba ya kupiga, ili na huyu naye apate msaada."

Akaja, akaniwekea mtoto mikononi kwa sababu mfuko ulikuwa unamchoma. Wale wapya watatu, ambao asubuhi yote hawakuwa wameandika neno, wakafungua madaftari.